Mke Kama Mgeni: Riwaya, Sheria na Lugha katika Ardhi ya Kajiado

Madhumuni ya Makala

Kwa muda mrefu uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuzipanga dhamira kama bidhaa katika rafu za duka. Rafu moja huwekwa ukabila, ya pili ukombozi wa mwanamke, ya tatu uhamiaji. Mhakiki huzitaja moja baada ya nyingine, akatoa mfano mmoja au miwili kwa kila dhamira, kisha akafunga kitabu. Mtindo huu umeenea zaidi katika miongozo ya shule, lakini hata sisi wa vyuo vikuu hatujaepukana nao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika jamii yenye makabila mengi dhamira hizo tatu aghalabu huwa ni moja tu, na kwamba kuzitenga ni kushindwa kuisoma riwaya yenyewe. Hoja yetu ni kuwa ugeni wa kabila na ugeni wa ndoa hukutana katika nafsi ya mwanamke, na kwamba haki anayonyimwa kwa sababu ya ule wa kwanza hunyimwa kwa njia ya huu wa pili.

Tutazitazama hasa riwaya mbili: *Chozi la Heri* ya Assumpta K. Matei (2014) na *Blossoms of the Savannah* ya Henry ole Kulet (2008). Hii ya pili imeandikwa kwa Kiingereza, na wako watakaouliza ina nafasi gani katika jarida la lugha za Kiafrika. Jibu letu ni kwamba ole Kulet, aliyefariki mwaka 2021, aliandika habari za Wamaasai akiwa ndani ya jamii hiyo, na hukumu nzito za riwaya yake zimebebwa na maneno ya Kimaasai ambayo hakuona haja ya kuyabadilisha. Baada ya riwaya tutaingia katika wilaya ya zamani ya Kajiado, ambayo tangu mwaka 2013 ni kaunti, katika nchi iliyopo baina ya Kitengela na Namanga. Tunakwenda huko kwa sababu yale yaliyofichwa katika riwaya kwa majina ya kubuni, huko yameandikwa waziwazi katika vifungu vya sheria. Sheria nayo ni matini. Ina msemaji, ina msemwa, na ina nafsi zinazotajwa na zisizotajwa.

Mgeni na Mwenyeji

Tuanze na maneno yenyewe. Neno *mwenyeji* hutazamwa kuwa limetokana na *mwenye mji*. Kwa hiyo, hata pale linapotumiwa kwa upole, kumkaribisha mtu nyumbani, lina ndani yake dai la umiliki. Mwenyeji si yule tu anayekaa mahali, ni yule mwenye mahali. Anayekaa tu ni *mkazi*, neno ambalo karani wa serikali hulipenda kwa kuwa halimpi mtu chochote. Neno *raia* nalo tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Huenda wafugaji wa Kajiado wangelicheka kujua kwamba serikali zetu zinapowaita raia zinawaita, kwa asili ya neno, mifugo.

Methali yetu mashuhuri humpa mgeni siku mbili, na siku ya tatu humpa jembe. Wahakiki wengi wameiona kuwa ni methali ya kazi na uvivu. Kwa maoni yetu ni methali ya uraia vilevile: jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni na kumwingiza katika wenyeji. Lakini tuitazame methali hiyo kwa macho ya bibi arusi aliyepelekwa kwa watu wa kabila jingine. Yeye hupewa jembe siku ya kwanza. Hulima, huzaa, huzeeka, na bado siku ya ugomvi huambiwa arudi kwao. Jembe lililomtoa mwanamume katika ugeni halikumtoa yeye. Tena methali hiyo ni ya wakulima. Katika nchi ya wafugaji mgeni ndiye anayekuja na jembe lake, na nyuma ya jembe huja uzio.

Msafiri na Mpotevu

Riwaya ya Kiswahili imewahamisha wahusika wake tangu mwanzo. Hata hivyo haikuwahamisha kwa namna moja. Katika *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971), Rosa hutoka Ukerewe kwenda shule na baadaye chuo cha ualimu, na kila hatua inayomtenga na nyumbani ni hatua ya kuelekea maangamizi yake. Katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna aliyefungiwa nyumbani na babake hutoroka, na safari yake humfikisha katika ukahaba na ulevi. Waandishi wote wawili hawamlaumu msichana. Lawama zao huwaendea akina baba, na jambo hili tumelisifu mara nyingi, kwa haki. Lakini tuweke kando yao *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996). Kongowea Mswahili naye huondoka kwao Tanga akiwa kijana asiye na kitu, akavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta babake. Taabu anazipata nyingi. Lakini safari yenyewe humjenga. Mwanamume anayehama katika riwaya zetu ni msafiri, na mwanamke anayehama ni mpotevu.

Tofauti hii haikutokana na chuki ya waandishi. Imetokana na jambo la msingi zaidi, nalo ni kwamba Kongowea anaweza kudai mahali aendako kwa jina la baba, ilhali Rosa na Maimuna hawana jina la kudai kwalo isipokuwa jina la mume ambaye hawajampata. Sheria za uraia za Afrika Mashariki, kama tutakavyoona, zilijengwa juu ya mantiki hiyohiyo.

Subira na Resian

*Chozi la Heri* iliandikwa katika kivuli cha machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa na malaki wakahamishwa makwao. Riwaya hiyo imesifiwa kwa kuyatazama mauaji hayo bila kupepesa macho. Kwetu sisi sifa yake kubwa ni nyingine: ni riwaya iliyosikiliza matusi. Daktari Ridhaa, ambaye ukoo wake ulihamia katika ardhi ya wengine, aliitwa tangu utoto *mfuata mvua*. Subira, mke wa Kaizari, aliyetoka katika jamii isiyokuwa ya mumewe, huitwa na mavyaa wake *muki*, yaani mtu wa kuja.

Miongozo mingi huyaweka majina haya mawili chini ya kichwa kimoja cha ukabila, kisha ikaendelea. Lakini hayalingani. Mfuata mvua ni jina la kitendo: mtu huyu aliifuata mvua, alikuwa na haja na akawa na miguu. Ni tusi, lakini ni tusi linalokiri kwamba anayetukanwa alitenda. Wa kuja hakufanya lolote ila kufika, na hata kufika kwenyewe aliletwa. Ridhaa ana jibu la kumpa anayemtukana. Amesoma, amejenga, ametibu watu wa mahali pale, na riwaya humpa kurasa nyingi za kuwaza na kusema, hata baada ya nyumba yake kuteketezwa na watu wake kuangamia. Subira hana kurasa hizo. Habari zake twazisikia kutoka kwa bintiye, Mwanaheri, akiwasimulia wenzake shuleni. Aliyefukuzwa na moto alirudi kuanza upya; aliyefukuzwa na ulimi hakurudi.

Jina Subira lenyewe ni amri. Mwandishi anapompa mwanamke huyu jina hilo anaonyesha kile ambacho jamii ilitaka kutoka kwake, yaani avumilie mpaka ugeni uishe wenyewe, nao haukuisha. Katika hili Matei amefaulu kuliko waandishi wa kiume waliomtangulia. Pale ambapo hatukubaliani naye ni katika kubuni majina ya makabila na ya miji. Tunaelewa sababu. Kitabu kilikusudiwa kusomwa, na baadaye kilisomwa, na wanafunzi wa sekondari katika nchi ambayo jina la kabila lingeweza kuwasha darasa. Hata hivyo kuna hasara. Kabila lisilo na jina halina sheria ya ardhi wala mahakama, na halina historia inayoeleza kwa nini mavyaa yule anamwogopa mkaza mwanawe. Chuki yake hubaki kuwa tabia mbaya ya mwanamke mmoja mzee, na mhakiki mvivu huridhika kuiita hivyo.

Ole Kulet amekwenda njia nyingine. Ole Kaelo, baada ya kupoteza kazi mjini Nakuru, anairudisha familia yake Nasila, kwa watu wa ukoo wake. Binti zake wawili, Taiyo na Resian, wamekulia katika mji wa makabila mengi. Kwa damu wao ni wenyeji kamili wa Nasila; hakuna awezaye kuwaita wa kuja. Lakini wanapofika hupokewa kwa jina la *intoiye nemengalana*, yaani wasichana wasiotahiriwa, na jina hilo huwatenga na ukoo wao wenyewe. Basi Subira ni mgeni kwa kabila, na Resian ni mgeni ndani ya kabila lake. Mlango wa kuingilia uenyeji ni uleule kwa wote wawili: mwili wa mwanamke ukubali kuwa mali ya ukoo, kwa ndoa au kwa kisu. Anayezisoma riwaya hizi mbili pamoja ataona kwamba Subira angeweza kuwa wa kabila la mumewe na bado asiwe mwenyeji. Mavyaa wake alitumia kabila kwa sababu kabila lilikuwa karibu na mkono.

Udhaifu wa ole Kulet uko katika suluhisho lake. Taiyo anatahiriwa kwa nguvu. Resian anatoroshwa kuozwa asikotaka. Wote wawili huokolewa na Minik, mwanamke msomi anayeitwa Emakererei kwa sababu ya Makerere alikosoma, naye huwapa hifadhi katika shamba la kondoo analolisimamia. Kutoka hapo njia huelekea Chuo Kikuu cha Egerton. Ni mwisho wa kufurahisha, nasi hatuwanyimi wasichana hao furaha yao. Lakini maana yake ni kwamba mwanamke hupata haki kwa kuondoka. Riwaya haituambii itakuwaje kwa binti anayetaka kubaki Nasila na kurithi ng'ombe na ardhi ya babake. Swali hilo riwaya imeliacha kwa mahakama.

Kutoka Kitengela Hadi Namanga

Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Arusha hupita Athi River, akaingia Kitengela, kisha Isinya, Kajiado, Bisil, na mwisho Namanga chini ya mlima Ol Doinyo Orok. Njia hii ni fupi, lakini ina karibu kila namna ya ugeni ambayo tumeitaja.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba wenyeji wa hapa nao walihamishwa. Mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911 baina ya Waingereza na Wamaasai yaliwatoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na baadaye Laikipia, wakasukumwa kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kesi yao ilitupwa. Mtu aliyepokonywa ardhi kwa karatasi ana sababu nzuri ya kumshuku kila mgeni ajaye na karatasi. Mhakiki asiyelitaja hili atamfanya Mmaasai kuwa mkabila kwa asili, na huo utakuwa ni uongo.

Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya ranchi za vikundi. Ardhi ya pamoja iliandikishwa kwa majina ya wanachama, na wanachama hao walikuwa hasa wanaume wakuu wa miji. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zilianza kugawanywa, na waliopewa vipande ni wale waliokuwa katika daftari. Marcel Rutten mwaka 1992 na Esther Mwangi mwaka 2007 wameeleza kwa kirefu jinsi ugawaji huo ulivyofanyika Kajiado, nani alipata nyingi, nani kidogo, na jinsi vipande vilivyouzwa. Kwa hoja yetu inatosha kutambua jambo moja. Mwanamke wa Kimaasai, aliyezaliwa hapo, aliyejenga nyumba kwa mikono yake kama desturi inavyomtaka, aliyekamua ng'ombe wa hapo, hakuwamo katika daftari. Ardhi ilipouzwa kwa mgeni, kalamu iliyotia sahihi ilikuwa ya mumewe. Mgeni mwanamume mwenye fedha aliweza kuwa mwenye mji kwa siku moja. Yeye hakuweza kwa maisha yake yote.

Kitengela ilikua juu ya vipande hivyo. Sheria ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje ilipotungwa mwaka 1990, na eneo la Athi River likafunguliwa jirani, viwanda vya nguo vilivuta maelfu ya vibarua, na wengi wao walikuwa wanawake. Walitoka Ukambani, Ukikuyu, Nyanza, Magharibi, na kila pembe ya nchi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 154,000 katika mji wa Kitengela, na kaunti nzima ikapanda kutoka 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840. Lugha ya sokoni, ya kiwandani na ya matatu ni Kiswahili. Sisi wapenzi wa Kiswahili huwa wepesi kushangilia hapo, tukisema lugha imeyaunganisha makabila. Dorothy Hodgson, aliyechunguza Wamaasai wa Tanzania, ametuonyesha upande wa pili: neno *ormeek*, la kumwita mtu asiye Mmaasai, lilipewa pia Wamaasai waliokwenda shule, waliobatizwa au waliosema Kiswahili, nalo lilihusu hasa wanaume. Lugha yetu, basi, haikuwa daraja peke yake. Ilikuwa pia alama ya ugeni, na mwanamume aliyeivaa angeweza kukemewa na ukoo wake, lakini alipata barua ya kazi. Mwanamke aliyeachwa nyuma nayo hakupata hata ukemi.

Kitengela ilitupa pia tukio moja la kisiasa ambalo riwaya bado haijalishika. Mwaka 2013 Peris Tobiko alichaguliwa kuwa mbunge wa Kajiado Mashariki, eneo ambalo Kitengela imo ndani yake, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa katika eneo bunge. Kabla ya uchaguzi baadhi ya wazee walitangaza kumlaani kwa kuthubutu kugombea. Mtu wa nje angelitarajia kwamba hofu ya wazee ingekuwa juu ya wapiga kura wageni waliojaa mjini. Laana ilimwangukia binti yao wenyewe.

Tushuke sasa mpaka Namanga. Mpaka huu ulianza kuchorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, nao ukawagawa Wamaasai wa pande mbili. Familia zimeoana kuvuka mstari huo kwa vizazi, na mji wenyewe una jina moja pande zote mbili. Kwa kuwa watu ni wale wale, mtu angedhani kwamba hapa suala la uraia lingekuwa jepesi. Lakini tuisome Katiba ya zamani ya Kenya. Mtoto aliyezaliwa ndani ya Kenya alikuwa raia iwapo mmoja wa wazazi wake, baba au mama, alikuwa raia. Aliyezaliwa nje alikuwa raia iwapo *baba* alikuwa raia. Katika sehemu nyingi za nchi tofauti hiyo ilikuwa ya wasomi na mabalozi. Namanga ilikuwa tofauti ya hatua chache. Mama Mkenya, aliyezaa na mume Mtanzania, akijifungua kaskazini ya kizuizi alimpa mwanawe uraia wake. Akijifungua kusini, uraia wake ulikuwa umebaki kizuizini. Uraia wa baba ulivuka. Tena mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kuandikishwa kuwa raia, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mkenya hakuwa na njia hiyo. Mantiki ni ile ya Kongowea: anayedai kwa jina la baba hufika.

Mpaka huo ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa mwaka 1983. Mwezi wa Desemba 2018 marais wa nchi mbili walizindua kituo kimoja cha pamoja, na tangu hapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Mama mwuza shanga na mwenzake mchuuzi wa maharagwe waliambiwa kwamba Soko la Pamoja, lililoanza Julai 2010, ni lao pia. Bidhaa zimepata njia. Na katika uraia hatua zimepigwa, lakini kila nchi ilipiga hatua yake kwa mguu wake. Katiba ya Kenya ya Agosti 2010 humpa mtoto uraia kwa mama au kwa baba popote azaliwapo, na baada ya miaka saba ya ndoa humruhusu mwenzi wa raia, mume kwa mke, kuomba kuandikishwa. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilimtangulia Kenya kwa upande wa mtoto, ikamtambua mama. Lakini kwa upande wa ndoa ilimtaja mwanamke aliyeolewa na raia, pasipo kumtaja mwanamume aliyemwoa raia. Hivyo Mtanzania aliyemwoa Mkenya ana mlango wa ndoa kaskazini, na Mkenya aliyemwoa Mtanzania hana mlango wa namna hiyo kusini. Anayepoteza katika hali hii ya pili, tazama vizuri, si mume peke yake. Ni mke aliye nchini kwake mwenyewe, ambaye uenyeji wake haukuwa na uzito wa kutosha kumfunika mtu mwingine.

Kitenzi cha Ndoa

Wanafunzi wetu wote wanajua kwamba mwanamume *huoa* na mwanamke *huolewa*. Jambo hili limesemwa sana, na mara nyingi huishia katika kicheko au katika lawama nyepesi kwamba Kiswahili kinawadharau wanawake. Tunadhani lina uzito zaidi linapotazamwa pamoja na sheria za ardhi.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, iliwaweka watoto wa kiume na wa kike katika mizani moja. Lakini iliacha mwanya: ardhi ya kilimo, mazao na mifugo katika wilaya fulani vilitolewa nje ya kanuni hizo na kuachiwa mila. Kajiado ilikuwa katika orodha hiyo, na Narok pia. Kwa mfugaji, ukiondoa ardhi na mifugo, kimebaki nini cha kurithi? Binti wa Kimaasai alikuwa sawa na kakake katika mali ambayo haikuwapo. Mwaka 2008, katika kesi ya mirathi ya Lerionka ole Ntutu wa Narok, Jaji Kalpana Rawal aliamua kwamba mabinti hawawezi kunyimwa urithi kwa kisingizio cha mila hiyo. Swali ambalo *Blossoms of the Savannah*, iliyotoka mwaka huohuo, haikuliuliza, lilijibiwa hapo. Hoja ya wana wa kiume katika mirathi za namna hii inajulikana kote: binti ataolewa, naye atakwenda na ardhi kwa watu wengine. Kitenzi cha kutendwa kimekuwa hoja ya kisheria.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, ilikusudiwa kuyamaliza haya. Inakataza ubaguzi wa jinsia. Tena katika kifungu cha 30 inasema kwamba kila mwanamume au mwanamke aliyefunga ndoa na mwanajamii huwa mwanajamii mara moja. Subira angekisoma kifungu hicho angelia kwa furaha: wa kuja amekuwa wa hapa. Lakini sentensi haijaisha. Inaendelea kueleza ni lini uanachama huo hukoma, na hapo nafsi ya sentensi inabadilika. Ilianza na mwanamume au mwanamke. Inamalizika na mwanamke peke yake. Uanachama hukoma wanandoa wakiachana kisheria na mwanamke akaolewa tena, au mwanamke akiolewa tena baada ya kufiwa. Kuhusu mwanamume aliyeingia kwa ndoa na kisha akaoa kwingine, sheria imenyamaza. Sheria ya urithi ya 1972, kama ilivyoandikwa, ilikuwa imekwisha kufanya vivyo hivyo kwa mjane: haki yake ya kuishi juu ya mali ya mumewe ilikoma akiolewa tena, na mgane hakuwekewa sharti hilo. Miaka 44 imepita baina ya sheria hizo mbili, pamoja na katiba mpya, na mkono ulioziandika ni kama mmoja.

Hapa ndipo kazi yetu ya lugha inapoingia. Katika Kiingereza waandishi wa sheria walilazimika kulitaja neno *mwanamke*, kwa kuwa kitenzi chao cha ndoa hakitofautishi jinsia. Walipotaka kubagua ilibidi waonekane wakibagua. Mtafsiri wa Kiswahili hana haja hiyo. Ataandika kwamba uanachama hukoma *mtu akiolewa tena*, na sentensi itapita laini, msomaji asigundue chochote, kwa sababu kitenzi kimekwisha kumchagua mwanamke kabla ya sheria kumtaja. Akiandika *akifunga ndoa tena*, sharti litawapata wote, naye atakuwa ameibadilisha sheria. Akiandika *mwanamke akifunga ndoa tena*, atakuwa ameutafsiri ubaguzi kwa uaminifu na kuuweka mahali unapoonekana. Kwa maoni yetu hii ya tatu ndiyo tafsiri sahihi, na ndiyo ambayo idara kama zetu, zinazofundisha watafsiri wa hati za serikali za kaunti na za mabaraza ya ardhi, zapaswa kuisisitiza darasani. Hasa Kajiado, ambako mjane wa Namanga na mjane wa Kitengela watasomewa kifungu hicho kwa Kiswahili, katika mkutano, mbele ya wakwe.